Ndama wa Kuazimwa

Ifahamike kwa wakaazi wote wa Kianga, wa juu na wa bondeni, wenye viatu na wenye kwato, kwamba asubuhi ya Jumatatu Nyumba Tukufu ya Bi Mwanapili binti Shaame, mfugaji wa miaka thelathini na muuzaji wa maziwa yasiyotiwa maji, iliamka ikisubiri tukio kubwa la kihistoria. Tukio lenyewe lilikuwa ni kutotokea kwa tukio. Johari, ng'ombe wao wa maziwa, alikuwa ametimiza siku ishirini na moja tangu apandishwe mbegu kwa mrija, bila dume, na kila mfugaji anajua kwamba ng'ombe akiivuka siku hiyo kimya, bila kulia wala kuparamia wenzake, huenda ameshika mimba.

Bi Mwanapili alisimama mlangoni mwa banda, tasbihi mkononi. Mumewe, Mzee Simai, aliinama kuokota majani yaliyoanguka chini ya hori. Johari akamtazama mzee wa watu kwa muda, akavuta pumzi, akanyanyua miguu ya mbele na kumpanda mgongoni.

"Mwanapili!" sauti ya Mzee Simai ilitoka ndani ya majani. "Mtoe huyu! Mtoe, ananivunja!"

"Amerudi jotoni," alisema Bi Mwanapili polepole.

"Nshajua! Mie ndiye wa kwanza kujua!"

Ilikuwa mara ya tatu. Miezi mitano nyuma mimba ya Johari iliporomoka; ndama hakuwa ameota hata manyoya, wakamzika nyuma ya migomba. Tangu hapo mtaalamu wa mrija alikuja mara tatu, akaondoka na ujira wake mara tatu, na Johari akarudi jotoni mara tatu kama mtu aliyesahau kitu. Na ng'ombe asiyezaa hukauka. Lita kumi na mbili za kila siku zilikuwa zimebaki nne.

Bi Mwanapili alimnasua mumewe, akampangusa majani kwenye ndevu, kisha akageuza uso kuelekea ukuta wa jirani.

"Usi," alisema. "Jicho lile bado linafanya kazi."

*

Shutuma dhidi ya Usi ilikuwa na ushahidi mmoja. Siku chache kabla mimba haijaporomoka, Usi alichungulia juu ya ukuta na kusema, "Lo! Tumbo hilo, Bi Mwanapili, au umemfugia pacha?" Hakusema mashaallah. Bi Mwanapili alingoja aseme. Alimpa hata nafasi ya kukohoa. Hakusema. Siku ya tisa Johari akatupa mimba, na siku ya kumi, penye mfereji wa maji ambapo wanawake wa mtaa hupanga ndoo zao, Bi Mwanapili alimtangaza Usi kuwa ana kijicho, mbele ya watu kumi na wanne na mbuzi mmoja.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Lakini kununa kwake kulikuwa na tundu, na tundu hilo liliitwa Kidoti.

Kidoti alikuwa ndama jike aliyeletwa kutoka Bwejuu kwa dada yake Bi Mwanapili, nyuma ya gari la mboga, akiwa na umri wa mwezi mmoja, yatima, amefungwa ndani ya kanga kama mtoto wa arubaini. Mama yake alikufa muda mfupi baada ya kumzaa. Bi Mwanapili alimlea kwa chupa. Sasa alikuwa na miezi tisa na bado alionekana wa miezi miwili au mitatu. Miguu myembamba, tumbo la duara, pua isiyokauka, na doa jeupe katikati ya paji la uso. Alikuwa mpole kupita kiasi. Alilala mlangoni mwa jiko, na akiitwa aliitikia kwa sauti ndogo ambayo Mzee Simai aliapa ni "naam".

Na alikuwa na kazi. Wafugaji wa kule wanakamua kwa ndama: ng'ombe wengi hawaachii maziwa mpaka wasikie ndama akiwasukuma kiwele. Ndama akifa, au akikua na kuuzwa, mama hugoma. Hapo ndipo ndama wa jirani huazimwa, kama watu wanavyoazimana kinu. Kidoti hakuwa anakua, alikubali kila kiwele, na hakuna ng'ombe aliyempiga teke. Kila asubuhi, Bi Mwanapili alipogonga ndoo ya kukamulia kwa vidole, ndama huyo alikuja mbio. Alianza kwa Johari, akaenda kwa Bi Maisara nyumba ya tatu, na kwa miezi mitatu iliyopita alikwenda hata kwa Usi. Ndama wa Malaika, ng'ombe wa Usi, alikuwa amekufa kwa kukanyagwa na gari, na Malaika akawa analia na kumwaga ndoo. Bi Mwanapili aliusikiliza mlio ule siku mbili. Siku ya tatu alimshika Kidoti kamba, akampitisha kwenye mlango wa Usi, akamkabidhi mke wa Usi bila salamu wala kwaheri.

"Ugomvi ni wa watu," alimwambia mumewe. "Ng'ombe hana kosa."

*

Asubuhi ile ile ya Jumatatu alikwenda mjini na kidumu chake. Zakir, mwenye mkahawa wa chai katika kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, alikuwa amechukua maziwa yake tangu enzi za marehemu baba yake.

"Karibu, Bi Mwanapili. Leo ngapi?"

"Nne."

"Nne nzuri," alisema Zakir. "Nne zinatosha kabisa."

Nyuma yake, kwenye rafu, palikuwa na kopo jipya la maziwa ya unga. Zakir aliona kuwa Bi Mwanapili ameliona. Alinyoosha mkono taratibu, kama mtu anayefukuza inzi, akaligeuza kopo likatazama ukuta. Bi Mwanapili angependa zaidi amtukane. Alikunywa chai aliyopewa, akaisifu, akatoka na kidumu kitupu, na njia nzima alikuwa akimsemesha Usi moyoni.

*

Alhamisi, Usi alisimama kwenye ukuta.

"Bi Mwanapili. Nisemeshe, usinisemeshe, lakini njoo."

Alikwenda. Malaika alikuwa amesimama pembeni mwa banda, mgongo umepinda. Chini, juu ya majani makavu, palikuwa na kitu kidogo kilichofunikwa gunia. Mimba ya miezi minne.

Usi, mwanamume wa miaka hamsini na kifua kama kabati, alijifuta macho kwa kofia yake. "Haya niambie. Huyu katiwa jicho na nani? Mie mwenyewe?"

Bi Mwanapili aliinama, akalinyanyua gunia, akalirudisha. Mtu anaweza kumwonea kijicho jirani, shemeji, hata mwanawe. Lakini kujihusudu mwenyewe hakujapata kusikika.

"Na ndama wa Bi Maisara kazaliwa haoni," Usi aliendelea. "Wiki iliyopita. Anajigonga ukutani. Naye nlimtazama mie?"

"Ita daktari," alisema Bi Mwanapili.

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Usi katika miezi mitano, na Usi, pamoja na msiba wake, aliyapokea kwa kuinamisha kichwa kama aliyepewa zawadi.

*

Daktari wa mifugo alikuwa Yusra, msichana wa Jang'ombe, mwenye viatu virefu vya mpira na pikipiki iliyokohoa kuliko wagonjwa wake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujaolewa?"

"Bado Bibi. Naomba niwaone ng'ombe."

Alichukua damu ya Johari, ya Malaika, na ya ng'ombe wa Bi Maisara. Aliuliza maswali mengi, na Bi Mwanapili aliyajibu yote kwa heshima, kwa kuwa hakuwa na la kuficha. Maji? Ya mfereji. Majani? Ya shamba lao. Je, kuna dume anayezunguka? Hakuna, wote mrija.

"Kuna ng'ombe anayetoka banda moja kwenda jengine?"

"Hakuna. Ng'ombe wangu hatoki nje hata kuota jua."

Wakati huo Kidoti alikuwa ameingiza kichwa ndani ya begi la daktari. Akapiga chafya humo, mara mbili.

Yusra alimtazama. "Na huyu?"

"Huyu si ng'ombe," alisema Bi Mwanapili, akishangaa swali. "Huyu ni Kidoti."

Daktari akafungua sindano nyengine.

*

Majibu yalipokuja, Yusra alikataa kukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, kimo kimoja na Bi Mwanapili aliyekuwa akikuna nazi. Mzee Simai alisogea. Mjukuu wao Maryam, binti mwenye adabu na akili nyingi, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka skuli ya dakhalia, ya bweni, huko Lushoto, aliacha kuosha vyombo ili asikie vizuri.

"Ni kirusi, Bibi," alisema Yusra. "Ng'ombe mzima akikipata, anapata homa siku chache, pengine anaharisha, pengine huoni kitu. Kisha mwili unakishinda. Lakini akikipata ana mimba, kinamfuata mtoto. Mimba inaporomoka, au mtoto anazaliwa na kasoro, kama yule wa Bi Maisara. Na asiye na mimba, kinaweza kumvuruga asishike. Ndiyo maana Johari anarudia."

"Kimetoka wapi?"

Yusra alimwangalia Kidoti, aliyekuwa akilamba mkono wa mbuzi ya kukunia nazi.

"Mama yake alikipata mimba ikiwa changa. Mtoto tumboni hakuwa bado anajua kipi chake na kipi cha mgeni. Akakihesabu kuwa ni sehemu ya mwili wake. Amezaliwa nacho, hapigani nacho, na kila siku anakitoa: kwenye mate, kwenye makamasi, kwenye kinyesi. Ndiyo maana hakui, Bibi."

Bi Mwanapili aliendelea kukuna, ingawa kifuu kilikuwa kimebaki kitupu na mbuzi ikikwaruza gome.

"Na sisi? Huyu Maryam anambusu puani."

"Binadamu hakimpati."

"Dawa?"

"Hakuna. Lakini tusubiri wiki tatu, nimpime tena. Huenda na yeye amekiokota tu, kikapita. Mpaka hapo asitoke, na asimkaribie ng'ombe yeyote."

Kwa wiki tatu Kidoti alifungwa chini ya mti wa mbilimbi. Kila asubuhi ndoo ilipogongwa alinyanyuka, akavuta kamba mpaka mwisho, akasimama hapo akisubiri kuitwa kazini. Bi Mwanapili akaanza kuibeba ndoo kwa kuikumbatia kifuani, isitoe mlio. Kila baada ya sala alimwombea ndama yule awe ameokota tu. Alimwombea kwa jina, na kwa jina la mama, ambalo ilibidi apige simu Bwejuu kuuliza.

Majibu ya pili yalikuwa kama ya kwanza.

"Nikimweka peke yake?" aliuliza. "Maisha yake yote. Nikamjengea chumba."

"Wengi wao hawafiki mbali, Bibi. Na akifika, akazaa, atazaa mwengine kama yeye. Na wewe unatoka kwake unakwenda kwa Johari, kwa mikono hiyo hiyo." Yusra alishusha sauti. "Siwezi kukulazimisha. Lakini Johari hawezi kubeba salama huyu akiwa hapa. Wala Malaika. Wala wa Bi Maisara."

"Nyama yake?"

"Haina madhara."

"Sikuulizi kwa ajili ya kula!" alifoka Bi Mwanapili, kisha akamshika daktari goti. "Nisamehe mwanangu. Wewe umetumwa tu na ukweli."

*

Kesho yake alibeba ndoo akaenda mferejini saa ambayo wanawake wote wapo. Hakuwa na haja ya maji. Alimtuma mtoto amwite Usi, na Usi akaja na kofia yake mkononi, kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu nyengine.

"Nlisema mbele za watu," alisema Bi Mwanapili, "na ntajirudi mbele za watu. Usi hana kijicho. Mimba ya Johari, na ya Malaika, na macho ya ndama wako, Maisara, zote zimetoka kwangu. Kidoti ana maradhi. Mie ndiye niliyempeleka mlango kwa mlango, kwa mkono wangu, na nikashukuriwa."

Ndoo ya mtu ikafurika.

Bi Maisara ndiye aliyeanza. "Kwani ulijua?"

"Sikujua."

"Basi. Na mie nlikuwa nikimngojea mlangoni. Asingekuja ningemfuata."

Usi alikuna kichwa. "Miezi mitano, Bi Mwanapili. Miezi mitano mie mchawi. Mke wangu alikuwa akinifunika uso nisimtazame kuku anayelalia! Nimekula chakula nimegeukia ukuta!"

Wanawake wakaanza kucheka, na yeye, aliyekuwa na haki ya kukasirika, akashindwa kuilinda.

"Na hebu nambie," aliendelea, "umeninunia, hunijibu salamu, halafu unaniletea ndama kila asubuhi. Kununa gani huko? Watu hununa hivyo wapi?"

"Malaika alikuwa akilia," alisema Bi Mwanapili.

Usi akavaa kofia. "Mnamchinja lini?"

"Jumamosi."

"Ntakuja kushika kamba. Wewe usishike."

*

Jumamosi asubuhi, mchinjaji alifika, Yusra akafika, Usi akafika na kanzu safi kama anayekwenda kuoa. Kidoti hakuwepo. Chini ya mbilimbi palikuwa na kigingi peke yake.

Vyanzo vya kuaminika vinaeleza kuwa kamba ilifunguka yenyewe. Kamba huweza kuchoka. Msako mkali ulifanywa: Mzee Simai alitafuta chooni, Usi alitafuta kwenye mihogo, na Maryam, binti mwenye adabu, alitafuta kwa bidii kubwa upande ambao hapakuwa na kitu. Saa ilipita. Mchinjaji alikuwa na kazi nyengine Mwera. Yusra alitazama chini. Aliyasema aliyopaswa kusema, na sasa alikuwa msichana tu aliyesimama uani kwa watu.

"Tumwache leo," alisema Usi. "Bi Mwanapili, tumwache. Malaika hana mimba sasa, hana cha kupoteza. Kaa naye mwezi."

Lilikuwa neno zuri, na Bi Mwanapili alilitamani kama mfungaji anavyotamani adhana ya magharibi. Alimtazama Usi, ambaye miezi mitano alikula amegeukia ukuta. Kisha akamtazama Johari bandani, mwenye mbavu zinazohesabika.

Aliingia ndani, akatoka na ndoo ya kukamulia. Alisimama katikati ya uwanja. Akaigonga kwa vidole, mara tatu, kama alivyofanya kila asubuhi.

Kutoka kwenye msingi wa nyumba isiyomalizika, nyuma ya migomba, ikasikika sauti ndogo. Kidoti akaja mbio, masikio mbele, akiburuta kamba, akipiga chafya, mwenye furaha ya mtu aliyerudishwa kazini baada ya kusimamishwa bila sababu. Akapita kwa mchinjaji, akapita kwa daktari, akaingiza pua ndani ya ndoo. Ilikuwa tupu. Akanyanyua kichwa kuuliza.

Bi Mwanapili alimshika shingo. Hakulia. Alimkabidhi Usi kamba, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nyama yote ilipelekwa madrasa. Hakuna aliyelia, na kamba, kama ilivyokwisha kuelezwa, ilifunguka yenyewe. Mwisho.

*

Nilimsomea Bibi hadithi hii jana, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, yeye anachambua mchele. Alicheka babu alipopandwa na Johari. Nilipofika pale mferejini aliacha kuchambua. Nilipomaliza akasema:

"Umeandika vizuri. Sasa nambie, sweta liko wapi?"

"Sweta gani, Bibi?"

"Kidoti alipotoka kule kwenye msingi alikuwa amevaa sweta la skuli. Kijani. Mikono imefungwa shingoni. Watu wote waliliona, hata mchinjaji alisita akidhani ni mwanafunzi. Mbona hukuliandika?"

Nikatazama mchele.

"Na umeandika sikulia. Wewe ulijuaje, na mlango nliufunga?"

Basi ninakiri. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa mlango ule ule, na yeye alilia, na mimi nililia, na kila mmoja alijifanya hamsikii mwenziwe. Sweta ni langu. Alfajiri ile kulikuwa na manyunyu na Kidoti alikuwa na mafua. Kamba niliifungua mimi. Nilipata alama ya juu katika baiolojia muhula uliopita. Nilijua kirusi ni nini kabla daktari hajamaliza sentensi, nilimwona ndama wa Bi Maisara akijigonga ukutani, na bado niliifungua, nikamwachia biskuti zangu zote za safari, nikamwambia asitoe sauti.

Bibi hakunipiga. Amenipa kazi. Mpaka likizo iishe, kila asubuhi nasimama ubavuni mwa Johari wakati wa kukamua, namsugua kiwele kwa kitambaa cha maji ya moto, pale alipokuwa akisimama mwenzangu. Siku ya kwanza alinipiga teke. Siku ya pili alinitazama. Leo ameachia lita tano.

Sweta nimelifua mara mbili kwa sabuni na dawa, kwa amri ya daktari Yusra. Alitaka nilifue mara tatu. Nilimwambia nimelifua mara tatu.

Hilo nalo nakiri.